Futi Themanini za Minyaa

Fundi Swaibu wa Buzebazeba alikuwa na mali mbili, cherehani na macho, na kati ya hizo ni cherehani tu iliyokuwa na vipuri sokoni. Alikuwa na miaka hamsini na minane na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Darizi zake za shingo ya kanzu zilivaliwa na mashekhe wa Ujiji, tena zilifika mpaka Uvira, enzi zile watu walipovuka ziwa kwenda harusini.

Mwaka ule walivuka kukimbia. Vita vya Zaire viliwamwaga ufukweni Kibirizi kila alfajiri, na nyuma yao yakaja mashirika na magari meupe, yakitafuta nyumba za kupanga. Mji ambao watu wake waliombana moto na chumvi tangu mababu ukajifunza kutaka ukuta, kama kila nyumba ni banda la kuku. Bwana mmoja wa shirika aliikagua nyumba kubwa ya Swaibu, akaisifu, kisha akanyoosha kidole kwenye minyaa iliyokuwa ua wa mpakani.

"Hii ina mwanya, mzee, na watu wanapita. Ziba upande huu uwe umezibika kweli. Ijumaa nakuja, nisipokuta kitu nachukua nyumba ya Bangwe."

Minyaa ile ilipandwa na baba yake Swaibu na baba yake Dismasi, jirani yake, ambaye ukoo wake ulishuka kutoka Kalinzi. Wazee wale waliacha mwanya kwa makusudi, upana wa mtu mwenye mtungi. Sasa aliyepita hapo ni Mwamini, mwanamke wa Uvira mwenye mtoto mchanga, ambaye Dismasi alimpa chumba. Alikuja kuteka maji kwenye bomba la Swaibu.

"Hodi, baba."

"Karibu," Swaibu alijibu kila siku, bila kuinua kichwa. Alichokijua kwake ni kitenge tu: rangi ya bluu, samaki wa njano, pindo limeshonwa ovyo.

Jumatano akaupima mpaka kwa tepu ile ile ya mabega ya watu, akapata futi themanini, akaanza kuandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Tofali za kuchoma, pamoja na saruji na mwashi, zilikaribia laki mbili. Bati thelathini na nne, laki na nusu, bado nguzo na misumari. Senyenge na nguzo zake ni elfu hamsini, lakini senyenge haimfichi mtu. Matete ya mto Luiche ni elfu kumi tu, ila kwa masika mawili yameshaoza.

Mkewe, Ummy, akachungulia. "Na minyaa mbona hujaiandika?"

"Ile ni bure. Wazee walitumia asubuhi mbili na birika la kahawa."

"Basi iandike hivyo. Tuone kama bati lina kahawa."

Swaibu akachagua bati. Mkataji wa minyaa alitaka elfu nane kuing'oa, na fundi akaona hapo ndipo pa kupunguza. Alhamisi mchana Dismasi akamkuta ananoa panga.

"Swaibu, ngoja asubuhi. Asubuhi upepo unatoka milimani, utakuwa mgongoni kwako. Saa hizi ziwa likipumua tu, utomvu wote usoni. Na minyaa hukatwa na wawili, mmoja huku, mmoja kule."

"Kesho ni Ijumaa."

"Macho hayajui Ijumaa, bwana."

"Unaililia minyaa, Dismasi, au unamlilia mkimbizi wako?"

Dismasi akarudi kwake. Mlango aliuacha wazi.

Swaibu akajifunga kilemba, akaanza. Hewa ilikuwa imetulia tuli. Kila pigo lilitoa maziwa meupe, yakichuruzika kwenye shina mpaka kwenye panga na mikono. Futi kumi, kimya. Futi ishirini, akaanza kujicheka kwa woga aliokuwa nao. Panga likiwa juu, majani ya mpapai wa Dismasi yakatikisika. Ziwa lilikuwa limepumua.

Ilikuwa kama mtu amemmwagia machoni pilipili na kaa la moto pamoja. Akafanya kosa la pili: akajipangusa kwa mkono uliolowa utomvu.

"Usipanguse!" Dismasi alikuwa ameshafika, akamkamata mikono. "Ummy, maji!"

Ummy akafungua bomba, likakoroma tu. Maji yalikatika tangu saa nne. Ndani mlikuwa na kikombe kimoja, kikaisha mara moja.

"Sioni," Swaibu alisema. "Ummy, sioni."

Ndipo Mwamini akapenya mwanyani na ndoo kichwani, maji aliyoyateka alfajiri kwenye bomba hilo hilo. Akamlaza chali, akammwagia polepole mpaka ndoo ikabaki tupu, na moto bado unawaka.

"Kwetu tunatiaka maziwa ya mama," alisema kwa Kiswahili cha Uvira. Akageuka, akakamulia kwenye kisosi, akadondosha tone kwa tone. Kisha akachana kitenge chake, akamfunga macho.

Hospitali wakamsafisha tena, wakampaka dawa, wakamrudishia kitambaa kile kile. "Msifungue mpaka Jumatatu," daktari alisema. "Na asilie. Atakachokiona siku hiyo ndicho kilichobaki."

Bwana wa shirika alikuja Ijumaa, akamwona amefungwa macho, akaenda zake Bangwe. Swaibu hata hakumuuliza. Alikuwa akihesabu darizi gizani, akijiuliza nani humpa kipofu kanzu ashone.

"Hodi, baba."

"Karibu, mama. Mtoto anaitwa nani?"

"Faridi."

Ummy akacheka. "Amekunyonyesha, sasa unamwita mama!"

Jumapili alisikia malori yakinguruma kwa muda mrefu barabarani. Jioni hapakuwa na hodi.

Jumatatu Ummy akamfungua. Mwanga ukachoma, ukatulia. Swaibu akaomba sindano. Uzi ukakosa tundu mara moja, mara mbili, mara ya tatu ukapita.

"Muite Mwamini," alisema. "Nataka nimwone."

Ummy alikunja kile kitambaa. "Wamewachukua jana, wote wa Uvira, kwenda kambini Kasulu. Sikukwambia. Daktari alikataza machozi."

Swaibu akatazama futi ishirini zilizokatwa, sitini zilizosimama, na mwanya ule.

"Alikuwa na uso gani?"

"Uso? Mwembamba. Ana macho... sijui. Wewe siku zote hizo hukumwona?"

Swaibu alikichukua kile kipande cha kitenge, akaketi karibu na dirisha, akalifumua pindo na kulishona upya, mishono midogo kama nyayo za sisimizi. Kitambaa chenyewe hakikutosha hata kumbebea mtoto.