Jiwe Lililoitikiwa

Kwetu juu ya Lukozi mashamba yamelala ubavuni mwa mlima, na anayelima juu kashika roho za walio chini. Ndiyo maana hung'oi jiwe kimya kimya. Unapaza sauti, "Jiweee!" Unangoja. Wa chini akijibu "Nimetoka!" ndipo unalisukuma. Hata mtoto anajua.

Kaka yangu alipaza sauti. Nilikuwa naye, napalilia viazi, nikamsikia. Na jibu likaja: "Nimetoka!" Akasukuma. Kumbe shemeji, mume wa dada yetu, alikuwa bado kainama kwenye maharage yake. Aliyejibu alikuwa ng'ambo ya bonde, anamjibu mwenzake. Jamani! Mpaka leo nikisikia kokoto zikiporomoka natupa jembe na kukimbia.

Kesi ikaandikwa ya mauaji, na mauaji hayana dhamana. Kijiji kizima kikawa mawakili. Wengine wanasema ajali haina kinga, aachiwe. Wengine, damu ni damu, afungwe. Wamenichosha! Wao hawana kaka mahabusu na dada mjane. Nikimtetea huyu, ni kama namzika mume wa yule mara ya pili.

Dada alikuwa hanisemeshi kabisa. Jana asubuhi akanijia na bakuli la makande, limefungwa kitambaa.

"Mpelekee kaka yako. Nataka afungwe, tena afungwe haswa. Lakini asife njaa."

Nililia njia nzima hadi Lushoto mjini.

Kaka alikula bila kuinua macho. Nikamwambia, "Kaka, usiwe na hofu. Shahidi wako ni mimi. Nitasema ulipaza sauti, ukangoja, ukajibiwa. Ajali ni ajali."

"Sema tu."

Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ila sauti ya shemeji naijua tangu alipokuja kuposa. Ile haikuwa yake. Nilijua, mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka, nikataka nimalize, nikajiambia atakuwa ameshatoka."

Ningemzaba kofi. Ningemkumbatia pia. Nikachukua bakuli nikaondoka.

Dada alikuwa ananingoja mlangoni. Akachungulia ndani ya bakuli.

"Kala yote?"

"Yote."

"Kasemaje?"

Nikamwambia kasema makande yalikuwa matamu. Keshokutwa ataniuliza jaji, na jaji haulizi habari za makande.