Misumari ya Mtunza Bustani

Kutoka dukani kwake Homa Bay, Nasteha alizoea kumwona mzee mtunza bustani ya miti iliyoachwa na Wazungu wa zamani akilegeza misumari ya vibao vya majina ya miti, ili miti ikinenepa isivimeze. Alilegeza polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Lakini asubuhi moja mwaka wa tisini na sita, watu wa mheshimiwa aliyejigawia bustani walipokuja na msumeno wa petroli, walimkuta akiipigilia miti misumari mirefu mpaka vichwa vikazama.

“Kata, bwana,” alimwambia mwenye msumeno, injini ikinguruma. “Mnyororo ukigonga chuma utakurukia usoni. Na sikwambii nimepigilia wapi.”

Yule bwana aliutazama mti, akamtazama mzee, akazima injini.

Nasteha, aliyekuwa amevuka kutoka dukani, akapumua. Mzee alikuwa amebandika kiganja kwenye gome, akinong'ona kwa Kijaluo, “Mos,” kisha, “Pole sana.”