Kadi ya Mtoto Mmoja

Harufu ya mkaa uliomwagiwa maji hunirudisha Ushirombo, kwenye jiko la mama yangu, asubuhi ya Krismasi nikiwa darasa la tatu. Mke wangu akizima moto baada ya kusonga ugali, mimi hunyanyuka na kutoka nje. Anadhani nakimbia moshi.

Nilizaliwa nikiwafuata mapacha, Kulwa na Doto. Kwetu anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, kwa hiyo hata jina langu lilikuwa habari zao. Mama aliitwa Mama Kulwa kila mahali, kisimani, kanisani, gulioni. Wageni walileta zawadi mbili mbili, maana mapacha hawapewi kitu kimoja: vifaranga viwili, kofia mbili, vipande viwili vya muwa. Cha tatu hakuna aliyekikumbuka. Mashati yao yalikatwa kwenye kitambaa kimoja. La Kulwa likimbana nililirithi, nalo likichakaa nikarithi la Doto, rangi ileile, hata mwalimu wetu akaamini kwamba nina shati moja lisiloisha. Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka sasa. Wakati ule niliwaonea wivu mpaka chakula kikanishinda, hasa nilipowakuta wamemkalia mama huku na huku, magoti yote mawili yameshachukuliwa.

Mwaka huo mwalimu wa dini alituambia kwamba watoto wa mjini huwapa mama zao kadi wakati wa Krismasi. Nilikuwa nimechunga ndama wa jirani tangu pamba ilipovunwa, na ujira wangu nikaupeleka kwenye duka la misheni, ambako bruda mmoja mzee aliuza mishumaa, rozari na kadi. Alizitandaza kadi mezani.

"Hii ya malaika ni nzuri," alisema.

"Wako wawili, Bruda."

"Basi chukua ya njiwa."

"Nao wawili."

Alivua miwani akanitazama. "Wawili wamekukosea nini?"

"Wako nyumbani, Bruda. Wametosha."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliendelea kupekua hadi nikaipata: Bikira Maria ameketi kitini, vazi lake la bluu, mtoto mmoja mapajani. Hapakuwa na Yosefu, wala wachungaji, wala hata kondoo. Nililamba ncha ya penseli nikaandika ndani, kwa herufi kubwa, KWA MAMA SHIJA. Nilitaka aitwe hivyo mara moja tu, na watu wasikie.

Tulipotoka misa nilimkuta jikoni na shangazi, dada wa baba, aliyekuja kutoka Masumbwe kula sikukuu nasi. Mama hakujua kusoma. Aliishika kadi kwa ncha za vidole ili asiitie masizi, kisha, kati ya watu wote, akampa Kulwa.

"Kwa Mama Shija," Kulwa alisoma, akaangua kicheko. "Doto, njoo usikie. Mama Shija ndiye nani hapa?"

"Ni mimi," mama alisema. "Lete kadi yangu."

Lakini shangazi alikuwa ameshaichukua. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Mama Kulwa, umeona? Mtoto ni mmoja."

"Nimeona, wifi."

"Mwenye mapacha anapewaje picha ya mtoto mmoja? Wewe Shija, wenzako umewaweka wapi?"

"Hawapo," nikajibu.

Mama akaichukua kadi mkononi mwa shangazi. Kwetu uhai wa mapacha ulionekana kama umeshikiliwa na uzi. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, au ukiwataja kana kwamba hawapo, unawaitia kifo. Nililijua hilo kama nilivyojua njia ya kisimani, na bado nililisema.

Mama hakunipiga. Aliokota kipande cha mkaa kilichopoa kando ya mafiga, akachora vichwa viwili nyuma ya kiti cha Maria, kila kimoja na macho yake. "Sasa wametimia," akasema, akaiegemeza kadi kwenye mtungi. Doto akataka kujua kipi ni chake.

Walipotoka kwenda kupokea nyama, nililowesha kidole kwa mate nikaanza kufuta. Kichwa cha kwanza kilisambaa. Nikachota maji mtungini, nikasugua zaidi. Weusi ukashuka kwenye vazi la bluu, ukapanda, mpaka uso wa yule mama ukawa doa. Mtoto peke yake alibaki safi, amekaa kwenye mapaja ya mtu asiye na uso.

Mama aliporudi aliitazama kadi, halafu kidole changu. "Ng'wanone," alisema, yaani mtoto wangu, basi. Akaianika juani, kisha akaibandika ukutani vilevile na doa lake, ikakaa hapo mpaka mvua za miaka ya baadaye zilipoimaliza. Sikumpa kadi nyingine maisha yake yote.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama ushahidi: hata kwenye kadi yangu waliingizwa. Kisha nami nikawa baba, nikawa na mtoto mgonjwa, nikajiona ninavyompita ndugu yake mzima mlangoni bila kumwona, si kwa kumpenda kidogo, ila kwa sababu hakunitia hofu. Ndipo nilipoanza kuikumbuka vizuri picha ile. Mama aliwachora wale aliowahofia, na aliwachora nyuma ya kiti. Mapajani hakugusa. Aliponiona nimekaa pale, aliniacha pale.

Na Kulwa alipouliza Mama Shija ni nani, alijibu kabla kicheko hakijaisha. Jina nililolitaka lilikuwa limeitwa, na watu wamesikia. Nililisikia pia. Ila nilikuwa na shughuli ya kuangalia nani mwingine yumo kwenye picha.