Kalipa ya Kushoto

Harufu ya mafuta ya breki vidoleni inanirudisha uani kwetu Mkuyuni, jioni moja nikiwa mtoto. Kesho yake tulikuwa tumpeleke bibi kwake, tukivuka kwa kivuko cha Kigongo. Baba alikuwa amefunga upya kalipa, vile vibano vya breki, nami, ndani ya gari, nilikanyaga pedali ili atoe hewa kwenye mabomba ya breki. Ilizama mpaka chini.

"Kanyaga kama mtu aliyekula!" alifoka.

Mama aliinama kuchungulia. "Baba watoto, mbona nati ya kutolea hewa iko chini? Hewa si inakaa juu?"

Baba alichungulia naye, kisha akacheka. Kalipa ya kushoto alikuwa ameifunga kulia, na ya kulia kushoto.

Alizifungua zote mbili, akazibadilisha pande. Asubuhi, kwenye mteremko wa kivuko, gari lilisimama. Ndipo mama alipouachia mkono wangu.