Majina 311 yaliyopotea Kibondo, na fundi anayeyatafuta kwa miguu

Saa mbili asubuhi, Lukmani Saady anasimama mbele ya nyumba ya matofali mabichi isiyo na mlango, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi nje ya mji wa Kibondo. Paa limeezuliwa. Palipokuwa na jiko, mvua ya jana imeacha dimbwi jekundu. Anajua hakuna mtu, lakini anapiga hodi hata hivyo. Hawezi, anasema, kuingia kiwanja cha mtu kimyakimya.

Jirani anatoka na mtoto mgongoni. Anasema wenye nyumba walipanda basi la kurudi Burundi wiki mbili zilizopita. Lukmani anamuuliza walikuwa wangapi, walikuwa wanamtafuta nani, walisema wanarudi kilima gani, maana Burundi kijiji huitwa kwa kilima chake. Mwanamke anakumbuka jibu la swali la kwanza tu.

Lukmani anaandika "watu watano" kwenye daftari, anashukuru, anahamia nyumba inayofuata. Nayo haina mlango.

"Mimi kazi yangu ni kompyuta," anasema akiwa anatembea. "Nimeajiriwa kukaa ndani na mashine. Haya ya kutembea nimejitakia mwenyewe."

Lukmani, mwenye umri wa miaka 33, ni fundi wa asasi ndogo mjini Kibondo inayotunza rejista ya wakimbizi waliopotezana na ndugu zao. Mwaka jana, kwa siku 47, majina ya watu 311 yaliingizwa kwenye rejista hiyo. Kompyuta iliyapokea yote bila kulalamika. Halafu umeme ukakatika, na yote yakatoweka.

Aliyeipanga kompyuta ifanye hivyo ni yeye. Na alifanya hivyo akiamini anailinda rejista.

Lukmani ni mzaliwa wa Kasulu mjini, mtoto wa muuza vitambaa. Alianza kwa kufungua simu mbovu kwenye kona ya duka la baba yake, baadaye akaenda Kigoma kusomea kompyuta. Mkewe, Adija, na watoto wao wawili wako Kasulu hadi leo. Yeye amepanga chumba Kibondo, na kwa mshahara wa shilingi laki nne na nusu anawatembelea mara moja kwa mwezi.

Ofisi aliyoikuta ilikuwa na kompyuta moja tu ya maana. Ndani yake aliunda kompyuta pepe sita, yaani kompyuta za ndani ya programu, zisizo na mwili. Makarani sita walikaa mbele ya vioo sita, kila mmoja akiamini ana mashine yake, kumbe wote wanatumia ile moja.

Shida ilikuwa kumbukumbu. Rejista ilikuwa faili kubwa, na kama kila kompyuta pepe ingepewa nakala yake, mashine nzima ingekwama. Lukmani akaliweka faili mara moja tu, akazielekeza zote sita zilione kama sehemu ya kumbukumbu yao. Anasema ofisi ilipata wepesi ambao haikuwahi kuwa nao.

Septemba mambo yakaharibika. Makarani wawili waliandika kwa wakati mmoja, na watoto wa familia moja wakaonekana chini ya mama wa familia nyingine. Mama yule aliitwa akaambiwa watoto wamepatikana. Alipofika, hawakuwa wake. Lukmani alikuwepo ofisini siku hiyo, na hapendi kuizungumzia.

Tarehe 2 Oktoba akaamua kwamba rejista isiandikwe na mtu yeyote moja kwa moja. Akalifunga faili liwe la kusoma tu. Majina mapya yangekwenda kwenye faili la kando, na kila Ijumaa yeye angeyaunganisha kwa mkono baada ya kuyakagua.

Kufuli, hata hivyo, zilikuwa mbili. Moja inafunga faili lenyewe. Ya pili inafunga ile kumbukumbu ambayo kompyuta pepe inaonyeshwa. Ukifunga zote, karani akijaribu kuandika anakataliwa papo hapo. Ukifunga ya kwanza peke yake, mashine inamwachia aandike, lakini maandishi yake yanabaki kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta pepe yake peke yake, inayofutika umeme ukikatika. Hayafiki kwenye faili hata siku moja.

Lukmani alifunga ya kwanza peke yake.

Hilo peke yake lisingemdhuru mtu, kwa kuwa makarani walikuwa wameshahamishiwa kwenye faili la kando. Watano walihamishwa. Wa sita, kwenye mashine namba tatu, alisahaulika. Programu yake iliendelea kuandika kulekule kwa zamani.

Aliyekaa mashine namba tatu ni Eugénie, mjane wa miaka 58, mzaliwa wa Uvira aliyeolewa Kibondo miaka mingi iliyopita. Anajua Kirundi vizuri, kwa hiyo wazee waliletwa kwake. Hakuwa akitumia karatasi. Kwa kulinda siri za watu, ofisi ilikuwa imeziacha. Alisikiliza na kupiga chapa hapohapo.

"Nilikuwa naona majina yangu yote," anasema Eugénie. "Ya jana, ya juzi. Masini ilisema imehifadhi. Miye nilisadiki."

Aliyaona kwa sababu mashine haikuzimwa. Jua la Oktoba lilikuwa kali, betri zilijaa, na Lukmani alijivunia kwamba seva yake, ile kompyuta moja, haijalala hata dakika moja. Siku kumi na nane baada ya kufuli, Eugénie alipita kwenye mashine namba tano kumsaidia mwenzake, akatafuta jina aliloliandika asubuhi. Halikuwepo. Akaenda kumwambia Lukmani.

Lukmani anakumbuka alikuwa ameinama chini ya meza akifunga waya. Alimjibu kwamba majina mapya huchelewa kuonekana mpaka Ijumaa, na ni kweli yalichelewa. Hakunyanyuka kwenda kuangalia.

"Mama Eugénie aliniambia," anasema. "Hilo lazima liandikwe. Yeye aliona, akaja, akaniambia. Mimi nilikuwa na haraka."

Novemba ikaingia na mawingu. Tarehe 18, baada ya siku tatu bila jua, betri ziliisha alfajiri, na jenereta haikuwa na mafuta. Umeme uliporudi mchana, Eugénie alifungua mashine yake akakuta jina la mwisho aliloandika yeye ni la tarehe 1 Oktoba. Alisubiri, akidhani inachelewa. Kisha akainuka, akaenda hadi mlango wa chumba cha seva, akasema maneno matatu: "Watu wangu hawako."

Lukmani alikaa na mashine hiyo siku mbili. Anasema alielewa ndani ya saa ya kwanza, lakini aliendelea kutafuta kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Faili lilikuwa salama kabisa, kama alivyolifunga. Tangu Oktoba hakuna herufi iliyoingia humo ila zile alizoziunganisha mwenyewe kila Ijumaa.

Kwa kuwa wakati huohuo mabasi ya kurudi Burundi yalikuwa yakiondoka, wengi wa wale 311 hawakuwepo tena kambini. Alianza kutembea na daftari wiki iliyofuata, jioni na siku za mapumziko, Eugénie akifuatana naye miguu inapomruhusu. Wanaongozwa na daftari la mlinzi wa mlangoni, lenye tarehe na namba za nyumba tu, bila majina; ndilo lililowapa ile idadi ya 311. Mpaka sasa wamepata upya watu 118.

Mmoja ambaye hawakumpata ni mzee aitwaye Nsengimana.

Mzee huyo alikaa mbele ya Eugénie tarehe 4 Novemba. Alitafuta watoto watatu waliopotea njiani mwaka 2015. Tarehe 13 akapanda basi. Kwenye rejista ileile, tangu mwaka juzi, lilikuwepo ombi la binti wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, anayemtafuta baba mwenye jina hilo, asiye na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kama maneno ya mzee yangefika kwenye faili, Ijumaa ya tarehe 7 mashine ingewaweka pamoja. Mzee alikuwa bado kambini siku hiyo, na siku tano zaidi.

Binti huyo, Ndayikunda, ana miaka 20. Desemba alisikia kwa mtu aliyehamia Nyarugusu kwamba kuna mzee wa namna hiyo Kibondo, akaomba kibali cha siku mbili, akaja. Karani wa mbele alitafuta jina, akamwambia hakuna. Eugénie, aliyekuwa meza ya pili, alisikia jina likitajwa. Akainuka kumwita Lukmani.

Walimkalisha chumba cha ndani. Lukmani ndiye aliyemwambia kwamba baba yake alifika pale na ameshaondoka. Binti hakulia. Alimgeukia Eugénie.

"Data alisema jina langu?" aliuliza, akimwita baba yake kwa Kirundi.

"Alisema lako mbele ya yote," Eugénie alimjibu. "Alisema Ndayikunda, halafu akanyamaza. Miye nikangoja."

"Alisema anakwenda kilima gani?"

Eugénie alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mzee alikitaja. Alimtajia hata herufi zake, kwa sababu hakikuwa kilima chake cha zamani. Shamba la huko lilikuwa limeshauzwa na watu wengine, naye alikuwa anakwenda kwa shemeji zake. Eugénie alikipiga chapa vizuri, akamsomea, mzee akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo alisikiliza watu kumi na moja. Hakikumbuki.

Ndayikunda akauliza kama mashine haiwezi kufunguliwa na kuangaliwa ndani, kama simu zinavyofunguliwa.

"Dada, kosa ni langu, si la mama huyu," Lukmani anasema alimjibu. "Nikamwambia umeme ukikatika, kumbukumbu ile inakuwa tupu. Siyo kwamba yamejificha mahali. Hayapo."

Binti akamuuliza kama na yeye ana watoto. Akamwambia anao wawili. Hakuuliza jambo jingine.

Tangu hapo wamepiga simu kilima cha zamani, wakajibiwa mzee hakurudi huko. Barua ya kuomba orodha ya waliosafiri iliandikwa Desemba, na majibu hayajaja. Bosi wa Lukmani alimtaka aandike ripoti, akaiandika kurasa mbili, jina lake likiwa mstari wa kwanza. Hakufukuzwa. Anasema pengine angefukuzwa angelala vizuri zaidi.

Kufuli ya pili ameshaifunga. Siku alipoifunga alikaa mashine namba tatu akajaribu kuandika jina la binti yake mwenyewe, Firdausi, kwenye rejista. Mashine ikamkatalia, ikamwandikia kwamba hapa ni pa kusoma tu.

"Nilijaribu mara nyingi," anasema. "Ilikataa kila mara. Nilikuwa naiangalia tu inavyokataa. Ingemkatalia Mama Eugénie mara moja tu, siku ile ya kwanza, angekuja kuniita."

Adija anamtaka arudi nyumbani. Kila anapopiga simu humwambia Baba Firdausi, watu wote wanakosea, njoo ufungue kibanda cha simu, watoto wakuone. Fedha za mradi zinaisha mwisho wa mwezi huu na ofisi itafungwa. Yeye amelipia chumba chake miezi miwili mbele, ili amalizie kaya 91 ambazo hajazifikia. Anakiri kwamba nyingi zitakuwa kama zile za asubuhi ya leo.

Ndayikunda hakungoja barua. Alijiandikisha kurudi, akapanda basi Jumatano iliyopita, akisema ataanza na vilima vya upande wa mama yake, kimoja baada ya kingine. Lukmani alimtengenezea simu ndogo ya batani na kumwandikia namba yake. Hadi makala haya yanakwenda mitamboni, alikuwa hajapiga.

Akiulizwa anatumaini nini, Lukmani anafunga daftari na kulitia mfukoni.

"Nataka ampate bila mimi," anasema. "Ampate tu njiani, akichota maji au akilima. Halafu wakae wazungumze mambo yao, na asikumbuke kabisa kwamba Kibondo kulikuwa na kompyuta."