Tone Jekundu Kwenye Breki za Baba

Wanaume wanne walilisukuma gari la baba yangu na halikusogea hata kidogo.

Gia ilikuwa huru. Hendibreki imeachiliwa. Baba mwenyewe alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono mfukoni, anawaangalia wanavyotoka jasho. Hakuna mguu wa mtu kwenye breki, lakini magurudumu yameganda na moja linafuka moshi.

Nusu saa baadaye mmoja wao akachoka, akaliegemea tu apumzike. Gari likaondoka.

Msikimbilie kusema uchawi. Mimi ni fundi breki, mwanamke pekee gereji nzima, na nawasimulia haya kwa sababu aibu nimeshaimaliza.

Gari lenyewe ni la kupandia milima, limepita miaka thelathini, mlango haufungi mpaka uubamize. Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Alipostaafu, gari hilo likawa kazi yake, rafiki yake, na mahali pa kujificha mama akianza kusafisha nyumba.

Ile ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mama akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Baba yako anaendesha mguu ukiwa juu ya breki bila kujijua, mpaka zinapata moto na kuganda," akasema. "Yeye anang'ang'ania ni gari, eti pedali inanata. Wewe ndiye fundi. Ukisema ni gari, aendelee kuendesha. Ukisema ni mguu, funguo anakabidhi leo."

Nikalikagua palepale uani. Nikatoa kapeti, labda linabana pedali. Wapi. Nikavuta springi inayoirudisha juu, nzima. Nikapaka grisi pale pedali inapochezea. Nikafungua boneti, mafuta ya breki masafi kabisa. Nikazunguka ua mara tano. Pedali inashuka, inarudi, haina neno.

Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, ananitazama juu ya miwani.

"Daktari, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzima, Baba."

"Hujaangalia pale nyuma ya pampu ya breki."

"Pale pana alama yangu. Penye alama yangu pameshakaguliwa."

Niwaeleze hiyo alama. Kila nati ninayoikaza, naidondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha. Gereji nzima wanajua: penye tone jekundu, usijisumbue. Nilikuwa naringa nalo kuliko cheti changu.

Baba akaguna tu.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake. Nikamsemesha kwa ile sauti ya kusemeshea wagonjwa.

"Baba, usione haya. Umri umefika. Mguu umechoka, unabaki kwenye breki nawe huusikii."

Aliutazama mguu wake wa kulia kwa muda mrefu. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Sawa, dereva wangu," akasema. "Nakuomba kitu kimoja. Usiwe unakata kona kama umeiba kuku."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana vidole vyake vilichelewa kuziachia zile funguo.

Nikaondoka na gari kwenda kuliegesha gereji. Foleni, mteremko, breki kila baada ya hatua mbili. Karibu saa nzima. Nikaanza kulisikia linakuwa zito. Nikagusa breki, pedali imekuwa ngumu, haina pa kushuka. Nikaondoa mguu. Gari likazidi kujikokota, likaenda kufia katikati ya geti la gereji, likaziba njia.

Mlinzi akaja dirishani.

"Mama Breki, ondoa mguu upite."

"Nimeondoa."

"Basi ondoa na huo mwingine."

Nikaangalia chini. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni, haina kosa lolote. Na haina uzee wowote.

Safari hii sikungoja lipoe. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu kule uani, nililipima likiwa baridi. Nikalegeza nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu la mbele. Mafuta yakaruka kwa nguvu, gurudumu likaachia. Kumbe magurudumu hayana tatizo, mafuta yamefungiwa huko juu na hayana njia ya kurudi.

Nikarudi kwenye pampu, nikalegeza nati mbili zinazoishikilia. Ikasogea mbele kidogo tu, unene wa ukucha. Magurudumu yote yakaachia kwa pamoja.

Maana yake kile kijiti cha chuma kinachotoka kwenye pedali kusukuma pampu kilikuwa kirefu mno. Kilikuwa kinaisukuma pampu hata mtu akiwa hajakanyaga. Likiwa baridi husikii kitu. Mafuta yakipata moto, yanavimba na kubana magurudumu.

Nikamulika tochi kwenye nati ya kurefushia kijiti.

Tone jekundu.

Mwezi uliopita baba alilalamika kwamba pedali inazama sana na goti linamuuma. Nikamhurumia, nikarefusha kijiti ili breki ishike mapema. Sikuacha nafasi hata ya karatasi. Nikadondosha rangi yangu, nikaondoka napiga mluzi.

Nikarekebisha, nikarudi nyumbani jioni ileile. Baba alikuwa palepale barazani. Nikampa funguo, nikamweleza yote, sikuficha hata nukta. Mama akasimama mlangoni, anasikiliza.

Baba akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo rangi."

Nikampa kichupa. Akakitia kwenye mfuko uleule wa funguo, akanisogelea, akanisemesha kwa sauti ya kusemeshea wagonjwa.

"Mwanangu, usione haya. Mkono umechoka. Unakaza nati nawe huusikii."

Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Mpaka leo kichupa anacho yeye. Nikikaza nati ya breki kwenye gari lake, anakuja, anabonyeza pedali kwa kidole kupima nafasi, halafu ndiye anayedondosha tone.

Na wewe unayetaka kumnyang'anya mzee wako kitu kwa sababu ya umri, hebu kwanza kagua mahali mikono yako ilipopita.

Goti lake, je? Nilisogeza kiti cha dereva mbele upana wa vidole vitatu. Halimuumi tena.