Siku Niliyooga Maji ya Msikiti wa Konde

Jambo hili sijapata kulisimulia mbele ya watu wa Konde, na hata leo, uzee huu, nikikutana na mtu wa huko kwanza namtazama usoni kama ananijua, ndipo namwamkia. Lakini nyinyi si watu wa Konde, basi wacheni nijiaibishe.

Miaka hiyo, Mapinduzi hayajaja bado, mimi ni kijana wa Unguja, fundi wa vyarahani, na kazi yangu ni kuzunguka Pemba nzima kwa gari za abiria na kisanduku changu cha bisibisi na mafuta, Mkoani, Kengeja, Chake, Wete mpaka Konde, na kila ninapofika nalala nyumba ya wageni, hata nikajiona (nilivyokuwa najisikia!) bingwa wa hoteli. Wenzangu Unguja nilikuwa nawachambulia moja moja: ile ya Chake yenye kitanda cha chuma kinacholia ukijigeuza, asubuhi mgeni wa chumba cha pili anakuuliza kwa nini hukulala; ile ya Wete ambayo kuta zake hazikufika juu, mtu akipiga chafya nyumba nzima inamwombea dua; na ile ya Mkoani, bibi mwenyewe hakupi ufunguo mpaka ajue wewe mtoto wa nani na babu yako kazikwa wapi. Nikizitaja nasikia na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini mbele ya milango, ilikuwa inakuingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Siku hizi watoto wangu wananipeleka hoteli za marumaru zisizonuka kitu, na usingizi siupati kama ule.

Sasa, mara moja nilikuwa nimefika Mombasa, nikalala hoteli ya ghorofa yenye beseni refu la kujilaza ndani yake, maji yakufike shingoni. Beseni lile ndilo lililonipoteza.

Konde nilikuwa nashukia kwa Bi Zuwena, mjane mcheshi, nyumba yake imeshikana ukuta na msikiti. Na safari hiyo nilikuwa nimetengeneza charahani ya nyumbani kwa Mzee Faki, muadhini wa msikiti huo, na binti yake Asha ndiye aliyenishikia taa nikitafuta sindano iliyokatikia ndani. Hatukusema zaidi ya salamu. Nikarudi kwa Bi Zuwena chakula hakipiti, akanitazama, akacheka, akavaa buibui lake akaenda kunisemea posa kwa Mzee Faki.

"Mzee Faki kasema Ijumaa ukishasali uende ukale kwake, akuone," aliniletea jibu. "Wazee wako watakuja baadaye. Basi ntoto wangu, nawe ujisafishe!"

Nijisafishe? Mimi, mtu wa hoteli? Ijumaa ilipofika nikatoa sabuni ya waridi niliyokuwa nimeiweka kwa siku kubwa, nikaingia kuoga mapema, huku Bi Zuwena ananipigia kelele kutoka jikoni: "Maji yamo birikani, chota kwa kata ujimwagie!"

Birika lenyewe lilikuwa tangi la saruji linalonifika kifuani, limejaa maji mazuri ya kisima. Nikaitazama ile kata ya kifuu, nikalitazama tangi, nikasema moyoni, watu wa shamba hawa, wana beseni la kujilaza na wao wanachota kwa kifuu! Nikakaza kikoi changu (kikoi kile namshukuru Mungu mpaka leo), nikapanda, nikaingia.

Jamani, raha! Nikajisugua mpaka povu likafura kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, na nikaanza kuimba. Nisichokijua, wala sikuuliza, ni kwamba kutoka tangi lile bomba lilipita ukutani likaingia msikitini, na hayo ndiyo maji ambayo Konde nzima inatilia udhu.

Ghafla upande wa pili nikasikia: "Astaghfirullah! Maji yana nini haya?"

"Yanatoa povu!"

"Na yananukia!"

"Mie nishasukutua!" Sauti hii niliijua, ndiyo iliyokuwa ikituamsha alfajiri. Mzee Faki.

Nikataka kutoka. Ukingo umejaa sabuni, nikishika nateleza, nikipanda narudi chini chubwi, na kila chubwi wao wanaisikia. "Kuna ntu ndani ya birika!" Mara mlango wa nyumba unagongwa, na Bi Zuwena masikini anawazuia: "Taratibu, mna mgeni wangu mle, anaoga!"

"Anaoga wapi, Bi Zuwena? Anaoga ndani ya udhu wetu!"

Wakaingia, na wa mbele ni Mzee Faki, povu la waridi lingali ndevuni. Mimi nimejishika ukingoni kama paka aliyetumbukia kisimani. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akaniitikia (mtu wa adabu yule), akaninyoshea mkono. "Nipe nkono utoke. Sala inangoja."

Ijumaa hiyo Konde walitilia udhu kisimani, ndoo moja, msururu mpaka njiani, na khatibu anangoja. Baada ya sala likamwagwa tangi, likasuguliwa, na mimi nikateka maji na kubeba, nikateka na kubeba, mpaka mabega yakawaka, na wanawake wanachungulia madirishani. Hapana aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Tangi lilipojaa sikumwangalia mtu, nikachukua kisanduku changu nikarukia gari ya kwanza ya Wete. Kwa Mzee Faki sikwenda.

Muda mrefu nikajitengenezea visingizio nisifike Konde. Niliporudi, Asha alikuwa keshaolewa Vitongoji. Bi Zuwena akanitilia chai, akaniambia.

"Siku ile walikupikia. Mzee Faki katandika nkeka, kakungoja mpaka alasiri, hataki ntu ale kabla yako. Akasema, kijana aliyebeba maji vile mbele ya watu, huyo nitampa binti yangu. Wewe ushakwenda zako."

Chai ile sikuimaliza.

Nimeoa, nimezaa, sina la kumlalamikia Mungu. Na msidhani nitakwambieni tangu hapo naogopa mabirika. Nilichojiapia ni kimoja tu: nikiaibika mahali, nakaa papo hapo mpaka watu wamalize kucheka, na nikikaribishwa chakula, nakwenda, hata kama nywele zingali na povu.